Eksosomu na ugonjwa wa figo: kipimo kina njia, sindano bado

Swali: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 61, anaishi na kisukari mwaka wa kumi na mbili sasa. Kliniki wametuambia mkojo wake una protini na figo zimefika hatua ya tatu. Ndugu yetu mmoja ametutumia video ya watu wanaouza sindano za "eksosomu". Wanasema zinatokana na seli shina na zinafufua figo, mtu asifike kwenye mashine ya kusafisha damu. Video hiyo hiyo inasema kuna kipimo cha eksosomu kwenye mkojo kinachouona ugonjwa mapema kuliko kreatinini. Hizi eksosomu ni kitu gani hasa? Kipimo ni cha kweli? Tumpeleke baba akadungwe? Na lile povu kwenye mkojo wake, ndizo zenyewe?

Jibu: Marahaba. Nianze na lile linalokukosesha usingizi: hapana, msimpeleke baba akadungwe. Sababu nitazieleza kwa urefu, maana nikikupa "hapana" tupu, video itakayofuata itakushinda. Na ugumu wa video hizi ni kwamba hazikuzua jambo. Eksosomu zipo kweli. Zimo kwenye mkojo wa baba, zimo kwenye wako, na mimi mwenyewe nimewahi kukaa maabara miezi mingi nikizihangaikia. Wauzaji wamechukua sayansi iliyo bado jikoni wakaipakua mbichi.

Kila seli ya mwili imefungwa ndani ya utando mwembamba wa mafuta, na utando huo hautulii. Huchomoza, hubonyea, hukatika, na kila kipande kinachokatika hujifunga chenyewe kuwa kifuko kidogo kinachoelea nje ya seli. Ndani ya kifuko hubaki sehemu ya vilivyomo kwenye seli iliyokitoa: protini, mafuta, vipande vya RNA, yaani nakala za maagizo ambayo seli huyasoma ili itengeneze protini. Jina la jumla ni vifuko vya nje ya seli. Eksosomu ni aina moja tu kati yao, ile inayotengenezwa ndani kabisa: seli huunda mfuko mkubwa, ndani ya mfuko huo vikajitenga vifuko vidogo vya nanometa 30 hadi 150 (nanometa ni sehemu moja ya milioni ya milimita), kisha mfuko mkubwa ukaungana na ukuta wa seli na kuvimwaga nje. Aina ya pili, mikrovesikoli, huchipuka papo hapo kwenye ukuta wa seli na hufika hata nanometa 1,000. Ya tatu ni mabaki ya seli inayokufa, makubwa zaidi. Vimo vyao vinaingiliana, na kikishatoka nje ni vigumu kujua kifuko kilizaliwa kwa njia ipi. Ndiyo maana chama cha kimataifa cha watafiti wa vifuko hivi, kilichoanzishwa mwaka 2011, kinawasihi watu wasiseme "eksosomu" mpaka wathibitishe asili yake. Wauza sindano hawana wasiwasi huo. Mimi hapa nitasema "vifuko".

Ili upate picha ya udogo wake: unywele mmoja una upana wa nanometa kama 80,000. Vifuko vya nanometa 100 ingebidi vijipange 800 bega kwa bega ndipo viuvuke unywele huo. Hadubini ya kawaida ya mwanga haitenganishi vitu vilivyo chini ya nanometa 200 hivi, kwa hiyo zile duara zinazong'aa kwenye video ni michoro ya kompyuta tu.

Kwa miaka mingi vifuko hivi vilichukuliwa kuwa takataka. Mwaka 1967 Peter Wolf aliviona vikitoka kwenye chembe sahani za damu, akaviita vumbi. Mwaka 1983 kikundi cha Rose Johnstone kule Montreal, na kingine cha Clifford Harding na Philip Stahl kule St. Louis, walikuwa wakifuatilia jinsi chembe nyekundu changa za damu zinavyokomaa. Kila kundi kwa upande wake likaona chembe hizo zikitupa nje vipokezi vya madini ya chuma ambavyo hazivihitaji tena, vikiwa vimefungwa ndani ya vifuko. Seli inafagia nyumba, basi. Fikra iligeuka mwaka 2007, pale kikundi cha Jan Lötvall kule Gothenburg, Sweden, kilipochukua vifuko vya seli za panya na kuviweka kwenye seli za binadamu. Seli za binadamu zikaanza kutengeneza protini za panya. RNA iliyosafiri ndani ya vifuko ilikuwa imesomwa na kutekelezwa na seli ngeni kabisa. Uchafu wa nyumba moja ulikuwa ni maagizo kwa nyumba ya jirani.

Sasa tuje kwenye figo, na hapa naomba unifuate taratibu, kwa sababu ndipo palipo na utamu wote.

Figo mbili huchuja kama lita 180 za maji kila siku, zikirudisha karibu zote mwilini na kutoa lita moja au mbili za mkojo. Kila figo ina nefroni, yaani vitengo vidogo vya kuchujia, takriban milioni moja, na kila nefroni huanza na chujio. Chujio zima hupitisha maji, chumvi na taka ndogo, lakini albumini, protini kuu ya damu, ambayo upana wake ni nanometa chache tu, huzuiwa karibu yote. Kama albumini haipiti, kifuko cha nanometa 100 kitapita wapi? Hakipiti. Maana yake, kwa mtu mwenye machujio mazima, vifuko vilivyomo kwenye mkojo havikutoka kwenye damu. Vimetolewa na seli za figo zenyewe na njia ya mkojo hadi kibofu, pamoja na tezi dume kwa wanaume. Kreatinini, taka ya misuli inayopimwa kwenye damu, inakueleza kilichobaki kwenye damu baada ya figo kushindwa kukitoa. Kifuko cha mkojo ni kipande halisi cha seli ya figo, na kimekujia bila mtu kuchomwa sindano ya kukata nyama ya figo kwa uchunguzi.

Mwaka 2004 Trairak Pisitkun na Mark Knepper, kwenye taasisi za afya za taifa kule Bethesda, Marekani, waliusokota mkojo wa watu wazima wenye afya kwenye sentrifuji ya kasi kubwa, wakakusanya vifuko na kusoma protini zake. Walipata protini 295. Ndani yake zilikuwamo protini ambazo hitilafu zake ndizo zinazosababisha magonjwa ya figo ya kurithi, ukiwamo ule wa figo kujaa malengelenge ya maji. Na kwa kuwa kila sehemu ya nefroni ina protini zake za kipekee, ukitazama protini unajua kifuko kimetoka wapi. Akwaporini-2 ni mlango wa maji wa mirija ya mwisho, sehemu nyingine haupo. NCC ni mlango wa chumvi wa mrija wa mbali. Podosini hutoka kwa podositi, zile seli zenye vidole vinavyokumbatia chujio.

Mfano wa NCC naupenda kuliko yote, kwa sababu hesabu yake inakubali. Kuna watu wana shinikizo la damu lisilosikia dawa kwa sababu tezi iliyo juu ya figo inamwaga homoni ya aldosteroni kupita kiasi. Homoni hiyo huzifanya figo zishikilie chumvi. Watafiti walipotazama vifuko vya mkojo wa wagonjwa hao, walikuta NCC iliyoamshwa ni nyingi kuliko kwa wenzao. Kwa wagonjwa wa Gitelman, ambao mlango huo umeharibika tangu kuzaliwa, NCC kwenye vifuko ni kidogo sana. Ule mlango wa chumvi uliojificha ndani ya figo, ambao zamani usingeuona mpaka ukate nyama, unausoma kwenye chupa ya mkojo.

Kwa baba yako, seli ya kuangalia ni podositi. Kisukari huzichosha seli hizi kwa miaka, na zikidondoka mwili hauna uwezo wa maana wa kuzirudisha. Watafiti wa Ottawa, Canada, walionyesha mwaka 2014 kwamba panya wenye kisukari hutoa vifuko vya podositi kwa wingi kwenye mkojo kabla albumini haijaanza kuvuja. Podositi inayoumia hupukutika kwanza, kisha ndipo chujio linatoboka. Kwa hiyo ile kauli ya video, kwamba vifuko vinaweza kuuona ugonjwa mapema, ina mzizi. Kreatinini ni mchelewaji anayejulikana: mtu anaweza kupoteza karibu nusu ya kazi ya figo namba ikiwa bado inasomeka kuwa ya kawaida.

Basi kwa nini daktari wa baba hakuandika kipimo hiki? Ngoja nikusimulie ya maabara.

Unachukua mkojo, unausokota kidogo ili kutupa seli na uchafu, kisha unausokota kwa nguvu inayozidi mvutano wa dunia mara laki moja au laki mbili kwa saa nzima au zaidi. Chini ya bomba kinabaki kidoa. Mara ya kwanza nilifurahi sana: kidoa kikubwa, cheupe, kinavutika kama kamasi. Nikadhani nimevuna. Mwenzangu mzoefu akakitikisa, akacheka. Kilikuwa ni uromodulini, protini ambayo mirija ya figo huitoa kwa wingi kuliko protini nyingine yoyote kwenye mkojo wa mtu mzima wa afya. Igor Tamm na Frank Horsfall waliieleza mwaka 1950. Hujisuka kuwa nyuzi ndefu, na nyuzi hizo hunasa vifuko kama wavu unavyonasa dagaa. Ukiutupa wavu umetupa na dagaa. Inabidi uongeze kemikali ya kukata vifungo vya nyuzi, usokote tena, na kemikali hiyo nayo inaweza kugusa baadhi ya protini ulizokuwa unazitafuta.

Kisa cha pili ni cha friza. Maabara moja niliyofanyia kazi ilihifadhi mikojo ya wagonjwa kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri badala ya 80. Tulipoiyeyusha, vifuko vingi havikupatikana. Vilikuwa vimeganda kwenye kuta za vichupa na ndani ya mashapo, na kutikisa hakukusaidia sana. Miezi minane ya kukusanya mikojo iliishia kwenye sinki. Tangu siku ile nikisoma utafiti wa vifuko, kitu cha kwanza ninachotafuta ni baridi ya friza. Matokeo nayasoma baadaye.

Ongeza na hili: mkojo wa asubuhi umekolea, wa mchana baada ya kunywa maji mengi ni mwepesi. Ukihesabu vifuko kwa mililita umepima kiu ya mtu. Wengine hugawa kwa kreatinini ya mkojo, wengine kwa jumla ya vifuko, wengine kwa protini, na kila mmoja anapata namba yake. Na kumbuka lile sharti nililoweka juu, "kwa mtu mwenye machujio mazima". Machujio ya baba si mazima. Chujio likishatoboka, huwezi tena kuapa kwamba kila kifuko kimetoka kwenye figo. Kwa hiyo kipimo kinakuwa kigumu kusoma kwa yule yule ambaye tungependa kumpima.

Kuna mahali kipimo cha namna hii kimekwisha kuvuka kizingiti. Kwa saratani ya tezi dume kipo kipimo cha RNA ya vifuko vya mkojo kinachosaidia kuamua nani akatwe kipande cha tezi na nani asubiri. Kwa figo, sehemu ambayo naitazama kwa matumaini ni waliopandikizwa. Mwaka 2021 kikundi cha Boston kilionyesha kwamba RNA ya vifuko vya mkojo inaweza kutenganisha figo inayokataliwa na mwili na ile iliyotulia. Mgonjwa aliyepandikizwa huishi na hofu ya sindano ya kukata nyama ya figo kila kreatinini ikipanda, kwa hiyo kumpunguzia hata sindano moja ni jambo kubwa. Kwa figo za kisukari, uwiano wa albumini kwa kreatinini kwenye mkojo bado ndio kipimo kinachoongoza matibabu, ni rahisi, na namba zake zina maana ile ile kila mahali. Ukikutana na mtu anayetaka kumpima baba eksosomu kwa ajili ya kisukari, muulize swali moja: jibu likija juu au chini, dawa ipi itabadilika? Utamwona anavyotafuta maneno.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba vifuko ni mashahidi waliosimama pembeni. Kwenye ugonjwa wa figo vina mkono wao pia.

Chukua mrija wa figo wa mtu mwenye hali ya baba. Albumini iliyovuja kwenye chujio inapita ndani ya mrija, na seli za mrija huimeza ili zisiipoteze. Ikizidi, seli zinalemewa. Majaribio ya mwaka 2018 kwa panya na kwenye seli za maabara yalionyesha kwamba seli zilizolemewa hivyo hutoa vifuko vyenye RNA ya CCL2, ambayo ni wito kwa makrofaji, askari wa kinga. Makrofaji wakizipokea huja na inflamesheni. Mapema zaidi, mwaka 2013, ilionyeshwa kwamba seli za mrija zilizokosa oksijeni hutuma vifuko vyenye RNA ya TGF-beta kwa seli jirani zinazotengeneza nyuzi. Jirani akipata agizo hilo huanza kusuka kolajeni, protini ya nyuzi ngumu. Kolajeni ikikaa ndiyo kovu, na kovu kwenye figo ni nefroni iliyokwenda. Kwa maneno mengine, mrija unaoumia unasambaza habari ya kuumia kwake, na jirani mzima anaitikia kwa kujenga kovu. Ukielewa hilo utaelewa moja ya sababu za madaktari kung'ang'ania kushusha protini ya mkojo hata mgonjwa anapojisikia mzima kabisa. Protini hiyo, mbali ya kuwa dalili, inachokoza mirija kila inapopita.

Mishipa ya damu nayo ina kisa chake. Figo zikichoka, fosfati hupanda kwenye damu. Seli za misuli kwenye kuta za mishipa hutoa vifuko, na kwa kawaida vifuko hivyo vina protini za kuzuia chokaa, mojawapo ni fetuini-A. Kwenye mazingira ya kalisi na fosfati nyingi, kinga hiyo ikipungua, vifuko hubeba vijiwe vya kalisi na fosfati na kuviacha kwenye ukuta wa mshipa. Mshipa unakuwa mgumu. Moyo unasukuma dhidi ya ukuta wa chokaa, na wagonjwa wengi wa figo huondoka kwa moyo kabla figo hazijafika mwisho.

Na kuna ule ugonjwa wa watoto unaofuata kuharisha damu, unaoletwa na aina fulani ya bakteria wa E. koli. Sumu ya bakteria hao huua figo ndani ya siku chache, lakini kwa muda mrefu haikuonekana ikielea huru kwenye damu. Kikundi cha Diana Karpman kule Lund, Sweden, kiligundua mwaka 2015 kwamba sumu husafiri ndani ya vifuko vya chembe za damu za mtoto mwenyewe, ikaingizwa kwenye seli za figo kama mgeni aliyefichwa kwenye mzigo wa mwenyeji. Haki ni haki lakini: vifuko hivi hivi vya mkojo vina protini zinazoua bakteria, na vimeonyeshwa kuzuia E. koli wasiote. Kwa hiyo mtu akikuambia "eksosomu ni nzuri" au "eksosomu ni mbaya", kwanza muulize ni za seli gani, na seli hiyo ilikuwa na hali gani siku ilipozitoa.

Swali hilo hilo ndilo la kuwauliza wenye sindano.

Wazo lao lilianzia mahali pa heshima. Mwaka 2009 kikundi cha Giovanni Camussi kule Torino, Italia, kiliharibu figo za panya kwa gliseroli, kisha kikawapa baadhi yao seli shina (seli mama zinazoweza kuzaa seli za aina nyingine) za uboho wa binadamu na wengine vifuko tu vilivyotoka kwenye seli hizo. Waliopewa vifuko walipata nafuu sawa na waliopewa seli zenyewe. RNA iliyomo ilipoteketezwa kwanza kwa kimeng'enya, nafuu ikapotea. Lilikuwa jaribio safi na lilitusisimua wengi. Ila angalia kilichotibiwa: figo za panya zilizoumia ghafla, ambazo kwa asili zina uwezo wa kujirekebisha. Figo za baba zimebeba kovu la miaka kumi na mbili. Kumsaidia anayejiinua ni kazi moja, na kufumua kovu lililokwisha kusukwa ni nyingine kabisa.

Kwa binadamu, utafiti unaonukuliwa mara nyingi ulifanyika Misri na kuchapishwa mwaka 2016. Wagonjwa 40 wa hatua ya tatu na ya nne: 20 walipewa vifuko vya seli shina za kitovu, 20 wakapewa dozi bandia. Dozi zilikuwa mbili, wiki moja kati yake, ya kwanza kwenye mshipa wa kawaida na ya pili ndani ya mshipa unaoingia kwenye figo. Kwa mwaka mmoja waliopewa vifuko walionekana kuwa afadhali, kwa uchujaji na kwa albumini pia. Ni matokeo ya kutia moyo na siyadharau. Sasa weka pembeni yake utafiti wa dapagliflozini wa mwaka 2020: watu 4,304 wenye ugonjwa sugu wa figo, wenye kisukari na wasio nacho, na hatari ya figo kuporomoka, au mtu kufa kwa figo au moyo, ikapungua kwa asilimia 39. Hicho ni kidonge kimoja kwa siku. Kabla ya kumpeleka baba kwenye sindano ya watu 40, hakikisha kwanza ameulizwa kuhusu kidonge cha watu 4,304.

Kuna mambo mengine mawili wauzaji hawayataji. Kifuko kikidungwa kwenye mshipa hakina ramani ya kwenda kwenye figo; kwa wanyama vingi huondolewa kwenye damu ndani ya dakika chache na kuishia kwenye ini na wengu. Halafu dozi: wengine huipima kwa idadi ya vifuko, wengine kwa uzito wa protini, wengine kwa idadi ya seli zilizovitoa. Vichupa viwili vyenye lebo moja vinaweza kuwa na vitu viwili tofauti, na kichupa kisichoandaliwa kwa usafi kinaweza kubeba bakteria. Hili lilishatokea. Desemba 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwa umma baada ya wagonjwa wa jimbo la Nebraska kupata madhara makubwa kutokana na bidhaa zilizouzwa kama eksosomu, ikasema wazi kwamba hakuna bidhaa hata moja ya aina hiyo iliyoidhinishwa.

Lakini madhara niliyoyashuhudia mimi hayakutoka kwenye kichupa. Alinijia mzee mmoja aliyedungwa mara tatu. Waliomdunga walimwambia aache vidonge vyake "visigombane na seli". Alikaa miezi miwili bila dawa ya shinikizo. Nilimpima mkono wa kulia, nikarudia wa kushoto kwa kutoamini: 190 kwa 110. Uchujaji wa figo zake ulikuwa umeshuka kutoka mililita 41 kwa dakika hadi 27. Sindano zenyewe pengine zilikuwa maji ya chumvi tu. Vidonge alivyoacha ndivyo vilivyokuwa vikimlinda.

Kwa hiyo kwa baba: hatua ya tatu maana yake uchujaji uko kati ya 30 na 59, na wengi wa hatua hii hawafiki kwenye mashine kamwe. Muulizeni daktari wake mambo haya kwa majina. Je, yuko kwenye dawa ya kundi la losatani au enalapili, na dozi imepandishwa hadi anapoweza kuvumilia? Je, anafaa kupewa dapagliflozini au empagliflozini? Shinikizo lake likipimwa nyumbani ni ngapi? Na dawa za maumivu anazomeza mwenyewe bila kumwambia mtu, diklofenaki na ibuprofeni, ziondoeni kabatini leo.

Umeuliza kuhusu povu. Hapana, si eksosomu; hizo hazionekani kwa jicho hata zikiwa mabilioni. Povu la mkojo huletwa na protini, hasa albumini, inayoulegeza uso wa maji kama sabuni inavyofanya. Mkojo uliokolea au uliotoka kwa kasi nao hupiga povu, ila hilo huzimika upesi. La kutiliwa shaka ni lile linalobaki dakika kadhaa, siku baada ya siku. Peleka mkojo wake wa kwanza wa asubuhi upimwe uwiano wa albumini kwa kreatinini, siku ambayo hana homa wala hajafanya kazi nzito jana yake, na urudiwe ndani ya miezi mitatu. Ukiwa na majibu yote mawili niandikie tena, pamoja na orodha ya dawa anazotumia na dozi zake.